Kidevu cha Msemaji

Kijiwe chetu kiko Noonkopir, hapa Kitengela, mbele ya yadi ya fundi tunayemwita Waya, mahali ambapo lori la simiti likipita unafunika kikombe kwa kiganja kwanza, salamu baadaye. Kiti ni kile cha nyuma cha basi moja lililokufa zamani. Katikati kimezama, kwa hivyo mtu akiketi pembeni huteleza polepole hadi akutane na mwenzake, na wengi wameanza urafiki hivyo bila kutaka. Mimi huuza kahawa chungu yenye tangawizi, birika juu ya jiko la makaa, tangu nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili. Mama huketi kando yangu na sufuria ya nduma. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, na nyumbani kwetu kulikuwa na shida ya kweli: Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Ngong kuzungumza mahari ya dada yangu Jackie, na sisi hatukuwa na msemaji.

Baba alishatutoka. Ndugu yake, Anko Kaloki, ndiye angesimama kwa niaba yetu, lakini Anko ana hasira za karibu. Mwaka jana alipomsemea binti wa shangazi yetu, mgeni mmoja alitania kwamba mbuzi wa kwetu ni wembamba. Anko alisimama, akachukua kofia yake, akatoka, na nusu ya ukoo ikatoka nyuma yake. Yule binti bado yuko kwao, na yule kijana ameshaoa Thika.

Mimi nilimtaka Mzee Muteti, jirani yetu wa ploti, mwanajeshi mstaafu. Sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, hata mtoto wa jirani alipoendesha baiskeli juu ya nyanya zake. Shida ni kwamba kijiweni hakuna anayemwita Muteti. Wanamwita Kidevu, kwa sababu anasema aliwahi kupiga risasi kwa bunduki ya rashasha akiwa ameegemeza kitako cha bunduki kwenye kidevu, na asiumie. Kila mtu humcheka. Mama, ambaye hacheki ovyo, alikuwa ameniambia asubuhi hiyo:

— Kama hiyo hadithi ni uongo, hatanisemea. Mtu akidanganya juu ya kidevu chake mwenyewe, juu ya mtoto wangu atasema nini?

Na jioni hiyohiyo, wakwe wangetuma mtu kuja kuuliza jina la msemaji wetu. Kwa hivyo kijiwe kilipojaa, sikungoja.

— Mzee, — nilimwambia Kidevu nikimpa kikombe, — waambie tena ile ya bunduki. Polepole, Mama asikie.

— Aii, Nzisa! — Waya akaruka. — Sasa tumekukosea nini?

Waya ni Maina. Husuka upya mota zilizoungua, za pampu na za mashine za kusaga, na vidole vyake vina rangi ya shaba hata siku ya kanisa. Kando yake alikuwa Daktari, ambaye si daktari. Ni Khisa wa duka la dawa za mifugo. Wa tatu alikuwa Nyasi, yaani Lemein, anayeuza marobota ya nyasi kando ya barabara. Alikuwa amefika mwisho, akaketi pembeni, na tayari alikuwa ameanza kuteleza.

Kidevu akanywa, akapangusa masharubu.

— Ilikuwa rashasha, lakini nyepesi, ya kubebwa na mtu mmoja. Zililetwa kambini tuzijaribu tu, halafu zikarudishwa kwao. Mgeni aliyezileta akasema, hii wamepunguza rikoili. Sisi tukacheka. Akauliza, nani ako na meno ya kupoteza? Wote wakaangalia chini. Mimi nilikuwa naangalia ndege.

— Ukaitwa, — akasema Nyasi.

— Nikaitwa. Nikaambiwa weka kitako hapa. — Akagusa kidevu. — Nikafyatua mpaka ikaisha.

— Na meno?

— Si ndiyo haya.

Akafungua kinywa. Daktari akainama, akashika taya la Kidevu kwa vidole viwili, akachungulia jinsi anavyochungulia ng'ombe mnadani.

— Huyu ni wa zamani, — akasema. — Huyu hata mkimleta soko ya Kajiado hauziki.

Tulicheka, hata Kidevu mwenyewe. Mama hakucheka. Alikuwa anamenya nduma na kisu chake kilikuwa kinaenda polepole, ishara kwamba masikio yanafanya kazi.

— Mimi niko na swali kwa hiyo neno, — Waya akasema. — Rikoili. Nani anajua maana yake hapa?

— Ni teke, — akasema Kidevu. — Ile teke bunduki inakupiga kwa bega ikilia.

— Hapana. Wewe ulikuwa jeshi, mimi niko kwa mota. Tairi ikiisha unaiwekea tredi tena, tunaita ritredi. Sindio?

— Ndiyo.

— Sasa koili ikiungua unaifunga koili tena. Hiyo ni rikoili. Hiyo ni kazi yangu, bana! Kila siku nafanya rikoili, na sijawahi kuona mtu akipigwa teke.

— Labda na stima, — akasema Nyasi.

— Na stima ndiyo. Lakini hiyo ni kisirani ya stima.

— Kwa hivyo unasema nini? — nikamuuliza, kwa sababu nilitaka kuelewa.

— Nasema hivi, msichana wangu. Walipunguza rikoili, maana yake walipunguza waya. Hiyo bunduki iko na mota ndani. Mota ikiwa na waya kidogo, inavuta kidogo, haina nguvu ya kumsumbua mtu kidevu.

— Mota inachomekwa wapi? — Daktari akauliza.

— Wapi nini?

— Plagi, Waya. Jeshi iko porini. Wanatembea na ekstensheni kutoka kambi?

— Kwani umewahi kusikia vita inaendelea stima ikipotea?

Daktari akafikiri kidogo. Ilikuwa wazi kwamba hajawahi kusikia.

— Sawa, — akasema, — lakini umekosea hapo mbele. Si koili. Ni oili. Rik-oili. Mafuta. Mzee amesema bunduki ni nyepesi, sindio Mzee?

— Nyepesi, ndiyo.

— Haya. Ng'ombe mwenye mafuta mengi ana nguvu ya kupiga teke. Ukimwondolea mafuta anakuwa mwepesi, anatulia, unamkamua ukiwa umekaa kwa ndoo. Hawa watu walitoa bunduki mafuta.

— Walimpa dawa ya minyoo? — Waya akauliza.

— Wewe cheka. Kila chombo iko na uzito wake wa ugonjwa.

— Mimi nitawaambia, — akasema Nyasi, ambaye sasa alikuwa ameteleza hadi bega lake likagusana na la Waya. — Nyinyi nyote hamjafuga punda. Punda akikupiga teke ukiwa mbali kidogo, umeisha. Lakini ukisimama karibu, umemgusa kabisa na tumbo, hiyo teke haina mahali pa kukua. Inakusukuma tu. Mzee aliweka bunduki karibu sana. Ikakosa nafasi ya kumchukia.

Hapo Kidevu aliweka kikombe chini.

— Nyasi amesema kitu ya maana, — akasema. — Hata sisi tulifundishwa hivyo. Kumbatia bunduki. Ukiiacha mbali na bega, itakutafuta.

— Mnaona! — akasema Nyasi. — Na punda pia anajua bwana yake. Bunduki ikikaa na mtu mmoja muda mrefu...

— Ilikuwa siku yangu ya kwanza nayo, ero, — Kidevu akamjibu, akimwita kijana kwa Kimaasai.

— Basi ilikupenda haraka.

— Ilimpenda kwa kidevu! — Waya akapiga paja. — Hii ni mapenzi sasa!

— Mota inapenda? — Daktari akamgeukia. — Si umesema ni mota?

— Mota inaweza kupenda kuliko ng'ombe wa mafuta yako!

Wakaanza kuongea wote pamoja. Nilianza kuogopa, kwa sababu kila walivyozidi kucheka, ndivyo hadithi ya Mzee Muteti ilivyozidi kufanana na uongo, na kisu cha Mama kilikuwa kimerudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Nilimwona akilini Anko Kaloki akichukua kofia yake Jumamosi, na Jackie akiwa amevaa gauni aliloshona, akimtazama akitoka mlangoni.

— Mzee, — nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Wakanigeukia. — Ndani ya bunduki kuna kitu kinaenda nyuma, sindiyo? Mara ya mwisho ulisema. Hicho kitu kinasimamishwa na nini?

Kidevu akaniangalia kwa furaha, kama mtu aliyepata nafasi ya kuketi baada ya kusimama sana.

— Hapo sasa, mtoto. Iko chuma ndani. Risasi ikienda mbele, hiyo chuma inarushwa nyuma, halafu springi inairudisha ilete risasi ingine. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kwa bunduki nyingi, ile chuma ikienda nyuma inakimbia mpaka inagonga ukuta wa mwisho. Pa! Pa! Pa! Ile kugonga ndiyo bega inasikia. Sio risasi peke yake. Ni ile chuma inabisha mlango ya bega lako mara nyingi na hakuna mtu anafungua.

— Na hiyo yako?

— Hiyo walifanya nyumba yake ndefu. Springi ndefu, laini. Chuma inaenda nyuma, inaenda, inaenda, inashikwa pole pole, na kabla ifike ukuta imechoka, inarudi. Haigongi. Unasikia tu imekusukuma, sukuma moja ndefu, kama mtu anakupitia kwa foleni.

— Maneno, — akasema Waya.

— Maneno, — akakubali Daktari. — Lakini maneno mazuri.

Kidevu akageuka akatazama nyuma ya kiti, kwenye lango la yadi ya Waya. Ni lango la mabati na vyuma, la kusukumwa juu ya reli. Waya hulifunga kila jioni kwa kulisukuma kwa mguu, na likifika mwisho hugonga nguzo, ngwaa!, hata birika langu hurukaruka juu ya jiko.

— Hiyo lango, — akasema Kidevu, — ndiyo bunduki ya kawaida.

— Lango yangu imefanya nini tena?

— Inapiga kijiwe teke kila siku. Nyasi, isukume.

Nyasi akainuka, jambo lililomchukua muda, akalisukuma. Ngwaa! Kifuniko cha sufuria ya nduma kikaanguka. Mama akakiokota, akageuza kiti chake kikatazama lango.

— Sasa tunaweka springi, — Kidevu akasema. — Nyasi, lete zile raba za tyubu unafunganga nayo marobota.

Nyasi alikuwa na furushi zima la raba hizo kwenye mkokoteni wake, vipande virefu vilivyokatwa kutoka tyubu za lori. Lakini Waya akasema lango ni lake na nguzo ni zake, na hakuna mtu mwingine atakayefunga kitu hapo. Akachukua raba mbili, akazikunja mara mbili, akazifunga fupi na kwa nguvu kati ya mkia wa lango na nguzo ya nyuma, huku akituonyesha kila fundo kana kwamba tunalipia somo.

— Sukuma, — akaamuru.

Nyasi akasukuma. Lango likaenda hadi katikati, raba zikakaza ghafla, na lango likageuka na kurudi kwa kasi ile ile. Likamchukua Nyasi tumboni na kumketisha juu ya robota lake la nyasi, miguu juu, viatu vyake vya raba ya gari vikiwatazama ndege.

— Aiya! — Nyasi akalia. — Yeyo, mama yangu, wameniua!

— Hiyo sasa ni ri-lango, — akasema Daktari. — Lango tena!

Tulicheka mpaka nikamwaga kahawa. Nyasi mwenyewe alicheka akiwa amelala pale pale, akijipapasa mbavu kuona kama kuna iliyobadilisha mahali.

— Umeona makosa? — Kidevu alimuuliza Waya, bila kumcheka. — Umefunga fupi. Springi fupi inanyamaza, inanyamaza, halafu inakasirika yote mara moja mwisho. Tunataka ile inaanza kushika mapema, kidogo kidogo, na haibadilishi roho.

— Sema hiyo tena, — akasema Mama.

Sote tukamgeukia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa kijiwe tangu mjadala uanze.

— Nimesema, Mama Jackie, springi nzuri inaanza mapema na inakaa vile vile mpaka mwisho.

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, akaendelea na nduma.

Kidevu akafungua mafundo ya Waya moja moja, kwa subira, huku Waya amesimama nyuma yake akimwambia hajui kufunga, mikono yake ni ya kushika bunduki tu, na kama raba zikikatika atalipa lango kwa kidevu chake. Kidevu akajibu, "Ni kweli," na "Inawezekana," na "Nishikie hapa kidogo, Waya." Waya akashika. Wakaunganisha raba moja moja, ncha kwa ncha, mpaka ikawa kamba moja ndefu iliyopita yadi nzima hadi ukuta wa nyuma, ikiwa imelegea kiasi tu. Waya aliendelea kumtukana na akaendelea kumshikia, na nadhani hakutambua kwamba sasa alikuwa msaidizi wake.

— Kikombe, — Kidevu akasema.

Nikampa kikombe kilichojaa. Akakiweka juu ya nguzo ya mbele, ile ambayo lango hugonga.

Daktari akalisukuma lango kwa mikono miwili. Likaondoka kwa kasi, reli zikilia. Kisha ukaona kama lango limekumbuka kitu nyumbani. Likapunguza mwendo, likapunguza tena, likakaribia nguzo, likasimama bila kuigusa, halafu likarudi nyuma kivivu. Kahawa kwenye kikombe haikutikisika.

— Haki ya Mungu, — akasema Nyasi.

— Hiyo ni mota, — akasema Waya, lakini kwa sauti ndogo.

Niliruka nikapiga makofi. Nikamwangalia Mama.

— Kikombe hakina meno, — akasema Mama.

Kidevu akamtazama Mama, na Mama akamtazama Kidevu. Kisha Mzee Muteti akakichukua kikombe, akanipa nikishike, akavua kofia yake, akapiga magoti kando ya nguzo na kuegemeza kidevu chake pale pale, kwenye ukingo ambao lango hufikia.

— Mzee, hapana! — nikasema. — Mama, mwambie atoke! Zikikatika je?

Kwa kweli sikuwa namhurumia yeye peke yake. Nilikuwa naona Jumamosi, Mzee Muteti akiwa hospitalini amefungwa taya kwa waya, na Anko Kaloki akiingia kwetu kwa kishindo.

— Nyamaza, Nzisa, — akasema Mama, ingawa na yeye alikuwa amesimama.

— Mimi sisukumi, — akasema Nyasi. — Siwezi kuua mzee wa watu na nyasi haijaisha kuuzwa.

— Mimi natibu ng'ombe, — akasema Daktari, akarudi nyuma.

— Waya, — Kidevu akaita kutoka pale chini. Aliongea bila kusogeza taya, sauti ikatoka kama ya mtu aliye kwenye debe. — Lango ni yako. Na usinihurumie. Ukinihurumia watasema nilidanganya.

Waya akapangusa mikono kwenye suruali. Akatazama lango, akatazama kidevu.

— Kidevu, bana. Mimi nilikuwa nacheka tu.

— Najua. Sukuma.

Waya akafumba macho na kusukuma kwa mwili mzima, kwa bega, kwa mguu, kwa miaka yote aliyoipigia kelele hadithi ile. Lango likaruka. Nilisikia raba zikivutika moja baada ya nyingine huko nyuma, fundo kwa fundo, zikilia kama mlango wa kanisa. Lango likaja. Likaja. Nilitaka kufumba macho na sikuweza. Likachelewa, likachelewa zaidi, na likasimama upana wa kiganja kutoka kwenye uso wa Mzee Muteti, likatetemeka pale kidogo, kisha likaanza kurudi.

Mzee hakuwa amepepesa jicho.

— Kahawa yangu, — akasema.

Kelele zilizopigwa hapo zilisimamisha hata watu wa ng'ambo ya barabara. Nyasi aliimba kitu kwa Kimaasai na kuruka juu mara kadhaa. Daktari alimshika Mzee taya tena akamgeuza huku na huku, akatangaza kwamba bei imepanda. Waya alikuwa ameketi chini, mikono kichwani.

— Lakini sikilizeni, — Waya akasema alipopata pumzi. — Hii imeonyesha lango. Bunduki bado hatujaiona. Labda lango ni kweli na bunduki ni uongo.

Alisema kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliona hilo na nikaomba asiseme.

— Bunduki mimi itanisaidia nini? — Mama akamjibu. — Kwani Jumamosi tunapigana? Nilitaka tu kujua kama huyu mzee ana kidevu cha kubeba maneno yake. Anacho. Na nimeona vile umemtusi kutoka fundo la kwanza mpaka la mwisho, na yeye anakuambia umshikie hapa kidogo. — Akamgeukia Mzee Muteti, na kwa mara ya kwanza kijiweni hapo nikasikia jina lake likitajwa kwa heshima yake yote. — Mzee Muteti, Jumamosi utatusemea?

— Nitafurahi sana, Mama Jackie.

Nilitaka kulia na nikacheka. Nikaanza kummiminia kila mtu kahawa bila kuulizwa.

— Na mimi pia nitapata? — ikauliza sauti nyuma yetu.

Kando ya mkokoteni wa Nyasi alikuwa amesimama mama mmoja wa makamo, kitambaa kizuri kichwani, mkoba umekumbatiwa kifuani dhidi ya vumbi. Hakuna aliyejua alifika lini.

— Karibu, mama, — nikasema nikimpa kikombe. — Umetoka mbali?

— Ngong. Naitwa Wahu. Ishmael ni mtoto wa ndugu yangu. Nimetumwa kutafuta nyumba ya mama yake Jackie.

Ishmael ndiye bwana harusi. Mama alifuta mikono kwenye leso, kisha akaifuta leso kwa mikono.

— Ni mimi, — akasema. — Karibu sana. Karibu nduma. Umefika... umefika saa ngapi?

— Wakati huyu anarushwa kwa nyasi. — Akamnyooshea kidole Nyasi, ambaye ghafla alianza kupanga marobota yake. — Sikutaka kuwasumbua. Mlikuwa na kazi.

Waya akasimama akajipangusa. Daktari akafunga kifungo cha juu cha shati. Hata mimi nilinyoosha aproni yangu. Mama akajikaza, akanyoosha mgongo.

— Basi umeona mwenyewe, — akasema. — Nyumbani waambie msemaji wetu ni Mzee Muteti, huyu hapa.

— Huyu wa kidevu?

— Huyu wa kidevu, — akasema Mama.

Wahu akamwangalia Mzee Muteti kutoka kofia hadi viatu. Mzee akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu. Wahu akanywa kahawa, akatabasamu, na sote tukapumua.

— Ni mtu mzuri, — akasema. — Kwetu pia tungemkubali. Nina swali moja tu halafu niende, nisichelewe gari. Jackie mwenyewe amesema anataka nani amsemee?

Waya akamwangalia Daktari. Daktari akamwangalia Nyasi. Nyasi akaangalia nyasi. Wanaume hawa walikuwa na jibu la kila kitu, la vita na la stima na la punda, na nilingoja hata mmoja afungue mdomo. Mama akaniangalia mimi, kana kwamba labda mimi nilimuuliza. Nami ninalala kitanda kimoja na Jackie, nimeongea naye juu ya gauni, juu ya viatu, juu ya mchele, na nilitafuta kichwani usiku mmoja niliomuuliza hilo, nikaukosa.

— Yuko pale, — nikasema hatimaye, nikaonyesha saluni ng'ambo ya barabara.

Tukavuka wote. Sijui kwa nini wote, lakini hakuna aliyebaki. Waya aliacha lango wazi, Daktari alivuka na kikombe chake mkononi. Jackie alikuwa anasuka mteja, vidole vikienda, rasta zikiwa zimening'inia begani kwake. Alipoona mlango umejaa watu, wa mbele Mama na wa nyuma Nyasi mwenye majani kwenye nywele, akasimamisha mikono.

— Nani amekufa?

— Hakuna, — akasema Mama. — Huyu ni shangazi yake Ishmael. Anauliza... tunauliza. Jumamosi, wewe unataka nani akusemee?

Jackie alimsalimia Wahu kwa mikono miwili na kumpa kiti chake. Kisha akatuangalia mmoja mmoja, akionekana kushangaa kweli.

— Kwani kulikuwa na mtu mwingine? — akasema. — Mimi nimekuwa nikijitayarisha kuongea mwenyewe.

Mteja aliyekuwa anasukwa akageuza kichwa ili asikose chochote. Waya akavuta pumzi ya kuanza kitu, na Daktari akamkanyaga mguu. Mama alisimama pale na leso mkononi, akimtazama dada yangu, na nikaona uso wake ukipita mahali pengi kabla ya kutulia.

— Na Mzee Muteti? — akauliza.

— Mzee aketi karibu na mimi, — akasema Jackie. — Mtu akinikatiza, amwambie angoje, bado sijamaliza. Mzee, utaweza?

— Hiyo hata ni rahisi, — akasema Mzee Muteti, na nilimwona amefurahi kuliko alipochaguliwa kwanza.

Wahu alikuwa amekwisha kusimama, mkoba kifuani, akiangalia barabara kama gari lake linakuja.

— Basi nikifika Ngong niwaambie jina gani? — akauliza.

Mama akakunja leso, akaifunga kiunoni.

— Waambie ni Jackie, — akasema. — Na waambie wafike mapema, ana mengi.